Jinsi ya Kuitazama Scott Pilgrim vs. the World Hadi Mwisho na Kuifurahia: Mwongozo Kamili

Kila nikiipendekeza picha hii, majibu hurudi yaleyale. "Nimeizima dakika ya ishirini." "Yule Mhindi kaanza kuimba huku anarusha moto, nikajua mtandao umechanganya picha mbili." "Stelingi gani huyu hana kazi, hana kitanda, hana nguo ya baridi ya maana?"

Mimi mwenyewe nilishindwa mara mbili. Mara ya kwanza niliitazama kwenye simu ndani ya basi la Dar kwenda Tanga, hedifoni moja imekufa, na nilipofika Segera nilikuwa sikumbuki hata jina la msichana. Mara ya pili niliwawekea binamu zangu sebuleni, watu kumi na mmoja, na kila aliyeingia alitaka kuelezwa kuanzia mwanzo. Nilifaulu mara ya tatu, na nilifundishwa na shangazi yangu ambaye hajawahi kushika gemu maishani. Nitafika kwake katika hatua ya tatu.

Wote tulikosea mahali pamoja: tuliikalia kama picha ya ngumi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Nimefichua baadhi ya matukio kwa makusudi, kwa sababu utamu wake hauko kwenye kutojua nani atashinda. Utajua nani anashinda kabla hujamaliza kikombe cha chai.

## Vitu vya kuandaa

Dakika 112 zisizokatika. Mkurugenzi Edgar Wright huunganisha mandhari bila kukupa nafasi ya kupumua. Mtu anaanza sentensi jikoni, anaimalizia barabarani. Ukisimamisha kila baada ya dakika kumi, unakata kamba inayoshikilia kichekesho.

Kioo kikubwa kadiri unavyoweza. Televisheni ni bora, kompyuta inatosha. Simu iwe chaguo la mwisho, maana nusu ya vichekesho vimeandikwa kwa herufi ndogo pembeni.

Spika nzuri au hedifoni zinazofanya kazi pande zote mbili. Hii ni picha ya wanamuziki, na gitaa la besi ndiyo silaha ya kwanza ya mhusika mkuu.

Nakala yenye sauti yake ya asili, pamoja na maandishi ya chini. Nawapenda sana maDJ wanaotafsiri picha, nimekulia kwenye kibanda umiza. Lakini hapa watu wanazungumza haraka, na mara nyingi mzaha umo katika namna neno lilivyotamkwa kwa uvivu. Ukiweka sauti ya mtu mwingine juu yake, umebakiwa na vijana wanaopigana bila sababu.

Kumbukumbu ya gemu za kaseti. Kama uliwahi kuchomeka kaseti, ukaipuliza vumbi, ukacheza Mario au Contra, basi una lugha ya picha hii tayari. Kama hukuwahi, jua mambo matatu tu: adui anayekufa huacha sarafu au pointi, kila hatua ina adui mkubwa mwishoni, na mchezaji anaweza kuokota uhai wa ziada.

Wenzako wawili au watatu. Kumi na mmoja ni mkutano.

Usichohitaji ni kusoma vitabu kwanza. Hadithi inatokana na vitabu sita vya katuni vya Bryan Lee O'Malley, vilivyotoka kati ya 2004 na 2010. Vitabu vina nafasi yake, nayo ni baadaye.

Onyo kwa wenye familia: Marekani ilipewa alama ya PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu na watoto walio chini ya miaka 13. Damu hakuna, lakini kuna matusi, mabusu na utani wa kimapenzi, na Wallace, anayeishi na Scott, ni mwanamume anayependa wanaume, jambo ambalo picha inalichukulia la kawaida kabisa. Wewe unajua nani amekaa sebuleni kwako.

## Hatua ya 1: Kubali mkataba kabla ya kubonyeza

Soma aya hii mara mbili, kisha usiulize tena.

Tuko Toronto, Kanada, msimu wa theluji. Scott Pilgrim ana miaka 22, hana kazi, anapiga besi kwenye bendi ndogo, na analala godoro moja na Wallace kwa kuwa ndani lipo hilo tu. Ana mpenzi wa miaka 17 anayeitwa Knives Chau, mwanafunzi wa sekondari. Kisha anamwota Ramona Flowers, msichana mwenye nywele za pinki aliyetoka New York, anayesambaza vifurushi vya Amazon akiwa amevaa viatu vya magurudumu. Siku ya pili anamwona kwa macho yake. Akitaka kuwa naye, sharti awashinde wapenzi wake saba wa zamani, mmoja baada ya mwingine.

Kwa nini ukubali sasa? Kwa sababu hakuna mhusika atakayeshangaa kwa niaba yako. Ramona anasema wazi kwamba alimkuta Scott ndotoni kwa kuwa kichwani mwa kijana huyo mnapita njia ya mkato anayoitumia kupeleka vifurushi. Analisema kama mtu anayekueleza kwamba amepitia Ubungo kukwepa foleni. Scott anaitikia, mazungumzo yanaendelea. Ukisubiri maelezo, utasubiri hadi mwisho.

Utajua umefaulu ukiona jambo lisilowezekana limepita na swali lako la kwanza likawa "atamjibu nini?" badala ya "imewezekanaje?"

## Hatua ya 2: Dakika ishirini za kwanza, soma kioo

Anza na nembo ya kampuni ya Universal. Ile dunia inayozunguka imegeuzwa kuwa vidoti vya gemu ya zamani, na muziki wake unalia kwa mlio wa kaseti. Wengi hudhani nakala yao ni mbovu, wanatafuta nyingine. Ni nzima. Umeshaambiwa unaingia kwenye dunia gani.

Baada ya hapo macho yako yafanye kazi mbili: kutazama na kusoma. Mhusika anapoingia, kijisanduku kinatokea na jina lake, umri wake na jambo fulani kumhusu. Kengele ya mlango inapolia, mlio wake unaandikwa hewani, na simu ikiita herufi zinatoka kwenye simu. Scott akienda haja ndogo, kipimo kinatokea juu yake na kinapungua kadiri anavyojisaidia, kama kipimo cha nguvu cha mpiganaji.

Kuna picha moja ya kusimamisha, na hapo tu nakuruhusu. Tunapoonyeshwa chumba cha Scott na Wallace, vitu vyote vinapachikwa maandishi ya mwenyewe. Godoro la Wallace. Taa ya Wallace. Endelea kusoma hadi uone Scott anamiliki nini. Mwandishi wa riwaya angehitaji kurasa tatu kukueleza kwamba kijana huyu anaishi kwa fadhila za rafiki. Hapa ni sekunde chache, na tayari unamcheka na kumwonea huruma.

Masikio nayo yasilale. Ukisikia ghafla vicheko vya watazamaji na mlio wa besi kati ya mazungumzo ya Scott na Wallace, hapo wameigiza mtindo wa Seinfeld, tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani, na muziki wenyewe ni wake. Kuna pia kipande cha muziki wa gemu ya Zelda, ambacho Wright alilazimika kuwaomba Nintendo ruhusa ya kukitumia.

Onyo: hapa ndipo watu wengi huchukua simu kujibu ujumbe. Ukiinua macho dakika mbili baadaye, Scott ameshabadilisha mahali, nguo na msichana.

Utajua umefaulu ukianza kucheka sekunde moja kabla ya mwenzako kwa sababu umewahi kusoma.

## Hatua ya 3: Pambano la kwanza, na alichosema shangazi

Hapa ndipo picha inapowapoteza watu. Twende polepole.

Bendi ya Scott iko jukwaani kwenye mashindano. Ghafla dari linapasuka, anashuka kijana aitwaye Matthew Patel, nywele zimemfunika jicho moja, anatangaza kuwa ni mpenzi wa kwanza wa zamani. Anamuuliza Scott kama hakupata barua pepe yake. Scott anajibu kwamba aliipitia juu juu. Na ni kweli, tulimwona: barua ya kumtangazia vita ilimfikia, akaiona inachosha, akaifuta. Mwenye ugomvi kafuata utaratibu wote wa kistaarabu, mwenzake hakusoma.

Wanapigana, wanapaa, wanazuia mateke hewani. Halafu Patel anaanza kuimba na kucheza, wasichana wenye mabawa wanatokea hewani nyuma yake, na mipira ya moto inarushwa kwa mdundo.

Binamu zangu waliinuka hapo. Mmoja aliuliza kama hii ni picha ya watoto au ya wakubwa. Shangazi, ambaye ametazama picha za Kihindi tangu enzi ambazo majumba ya sinema ya Tanga yalikuwa yanajaa, aliendelea kumenya karanga zake. Akasema, "Sasa nyie mnashangaa nini? Kwani kwenye picha za Kihindi mtu akipenda si anaimba? Hawa wakipenda wanapigana."

Nilirudisha nyuma, nikaanza upya. Ndiyo ufunguo wenyewe.

Sisi wa Pwani hatujawahi kuuliza, kijana na binti wakiwa juu ya mlima, ngoma zinapigwa na nani. Hatuulizi wamebadilisha sari saa ngapi. Tunajua kwamba moyo umejaa hadi maneno hayatoshi, kwa hiyo wimbo unaanza. Na wimbo ukiisha, hakuna anayeutaja. Picha hii inafanya hivyohivyo, ila mahali pa wimbo imeweka ngumi. Hofu ya kijana anayejiuliza kama anamtosha msichana mwenye historia ndefu kuliko yake, hiyo ndiyo inayopaa na kuwaka moto. Na kwa kejeli, huyu wa kwanza amechanganya vyote viwili: anapigana na kuimba kwa mtindo wa Kihindi. Ni kama picha imetufungulia mlango wa nyumba yetu wenyewe, nasi tukakimbia.

Fanya hivi: kila pambano likianza, jiulize kabla ya teke la kwanza, "kama huu ungekuwa wimbo, ungekuwa unaimba nini?" Jibu lake ndilo pambano lenyewe.

Kisha tazama ufundi kwa raha zako. Timu ya mapigano iliongozwa na Brad Allan, aliyetoka kwenye kikosi cha Jackie Chan, na kamera alishika Bill Pope, yuleyule aliyepiga The Matrix. Ndiyo maana hata ujinga umepigwa vizuri: unaona mguu umetoka wapi na umetua wapi.

Utajua umefaulu Patel atakapolipuka, sarafu zikamwagika sakafuni, na wewe ukatazama uso wa Ramona badala ya sarafu.

## Hatua ya 4: Usimshike Scott mkono

Kosa jingine linatokana na malezi ya kibanda umiza: stelingi ni wetu, tumtetee. Hapa ukimtetea utachanganyikiwa, kwa sababu picha yenyewe haimtetei.

Hesabu matendo yake. Anatembea na mwanafunzi wa sekondari, na kila rafiki yake anamwambia kwamba jambo hilo halijakaa sawa. Anampenda mwingine bila kumwacha wa kwanza. Kumwacha Knives ni sentensi moja, na sentensi hiyo inamshinda, anaiahirisha kama mtu anayedaiwa kodi. Akishaisema, anageuka na uso wa mtu aliyemaliza kazi ngumu.

Michael Cera anamwigiza Scott kwa sauti ndogo na macho makubwa, na mtu anaweza kudhani upole huo ni wema. Dawa yake ni Kim Pine, mpiga ngoma wa bendi. Aliwahi kuwa mpenzi wa Scott shuleni, na uchungu wake bado unasomeka usoni. Kila Scott akisema jambo la kijinga, mtazame Kim. Haongei sana, lakini uso wake umebeba hukumu nzima.

Wa pili wa kumtazama ni Knives. Anaanza kama mtoto anayeshangilia bendi mbovu kana kwamba ni bora duniani. Kuna kitu kinazikuta nywele zake katikati ya picha, kwa ngumi moja, ambacho kinalalamikiwa kama msiba. Cheka, lakini usimpoteze machoni. Yeye ndiye anayekua kuliko wote.

Utajua umefaulu ukijikuta unamwambia Scott kwa sauti, "Mwambie ukweli, bwana!"

## Hatua ya 5: Wapenzi wa zamani, kila mmoja na dawa yake

Hawalingani uzito, usiwape muda sawa.

Lucas Lee, wa pili. Ni nyota wa sinema aliyetoka kwenye ubao wa kuteleza, na aliyemwigiza ni Chris Evans, mwaka mmoja kabla hajawa Captain America. Anatembea na muziki wake mwenyewe. Anapigana kidogo, anachoka, anawaita watu wanaomwigizia hatari wampigie kazi. Hofu iliyopo hapa kila mwanaume anaijua: wa zamani ni maarufu, ana hela na ana taya. Scott hawezi kumshinda kwa ngumi, kwa hiyo anamshinda kwa kumchokoza aonyeshe ustadi wake hadi ajiangamize mwenyewe kwenye ngazi ndefu zilizo jirani na jumba la Casa Loma.

Katikati ya pambano hili kuna kichekesho cha watu wa Toronto. Mji huo hukodishwa kuigiza miji ya Marekani, hata picha iitwayo Chicago ya 2002 ilipigwa hukohuko. Hapa pazia lililochorwa majengo ya New York linapasuka, na nyuma yake unachungulia mnara wa CN wa Toronto wenyewe. Ni sawa na picha inayodai iko Dubai, pazia likaanguka, ukaona Kariakoo.

Todd Ingram, wa tatu. Huyu ndiye ninayemrudia mara nyingi. Anapiga besi kwenye bendi ya Envy Adams, msichana aliyemwacha Scott akapata umaarufu. Todd hali nyama, mayai wala maziwa, na kutokana na hilo amepata nguvu za akili: anarusha watu kwa macho, anasoma mawazo. Kichekesho kinawalenga watu ambao, wakishaacha kitu, wanajiona wameshapaa juu ya binadamu wengine. Huku kwetu wapo pia.

Sasa tazama vikombe viwili vya kahawa kwa makini. Scott anampa Todd achague, kimoja kina maziwa ya soya, kingine maziwa ya ng'ombe. Todd anasoma mawazo ya Scott, anaona maziwa yakimiminwa kwenye kikombe fulani, anajichagulia kingine kwa tabasamu. Scott alikuwa amemimina kwenye kimoja huku akiwaza kwa nguvu zote kwamba anamimina kwenye kile kingine. Polisi wa wasiokula nyama wanavunja ukuta, wanamsomea mashtaka, na jibu la Todd kuhusu kuku ni mstari unaochekesha kuliko yote katika picha nzima. Sitauandika hapa. Aliyeigiza ni Brandon Routh, aliyekuwa Superman mwaka 2006, na ukilijua hilo, uso wake wa kiburi unaongezeka utamu.

Roxy Richter, wa nne, ni msichana. Scott alidhani saba wote ni wanaume, na swali lake linamwaibisha. Hapa Ramona ndiye anayepigana, akiitumia mikono ya Scott kama vile anaongoza kikaragosi. Mbinu inayommaliza Roxy ni ya aibu kidogo. Kama umekaa na wakwe, nenda kachemshe chai.

Mapacha Katayanagi, wa tano na wa sita, hawana hata neno moja la kusema. Ni muziki dhidi ya muziki. Ongeza sauti, usichambue kitu.

Gideon, wa saba, ana hatua yake peke yake.

## Hatua ya 6: Sikiliza bendi kwa sikio la pili

Bendi ya Scott imepewa jina kutokana na bomu lenye miguu kwenye gemu za Mario, na inapiga kelele nzito, chafu. Huo uchafu umepangwa. Nyimbo zake ziliandikwa na Beck, mwanamuziki mkubwa wa Marekani, aliyetakiwa aandike kama vijana wanaojifunzia gereji. Za bendi ya Envy zilitoka kwa Metric, bendi ya Kanada kwelikweli, na sauti unayoisikia kwenye picha ni ya Brie Larson mwenyewe, aliyemwigiza Envy.

Linganisha zile mbili. Wakina Scott wanapiga wakiwa wamekunja mabega. Envy anasimama mbele ya taa, hatikisiki, na ukumbi mzima ni wake. Hapo utaelewa kwa nini Scott anatetemeka kupokea simu yake, bila mtu kukueleza.

## Hatua ya 7: Mwisho, hesabu panga

Ukifika kwa Gideon usichoke. Wengi huona kelele tu hapa, kwa sababu pambano linapigwa mara mbili.

Mara ya kwanza Scott anatangaza kwamba anampenda Ramona, na upanga unamtoka kifuani, upanga wa mapenzi. Tumezoea kwamba hapo picha inaisha. Haiishi. Scott anakufa.

Ule uhai wa ziada alioupata baada ya mapacha ndio unaomrudisha. Anaingia tena mlango uleule, na safari hii sikiliza majibu yake, maana amebadilisha sababu. Anasema anapigana kwa ajili yake mwenyewe. Upanga unaotoka sasa ni mwingine, wa kujiheshimu, na una nguvu zaidi. Katikati ya purukushani anasimama na kuwaomba radhi Knives na Ramona kwa kuwachanganya. Dakika thelathini nyuma angekimbilia dirishani.

Kisha anatokea Scott mweusi wa kivuli, adui wa mwisho kabisa. Ukitegemea pambano la tatu, utapata kitu kingine. Hapo ndipo mimi hucheka kwa sauti kila mara.

Kuhusu anayeondoka naye: kikosi kilipiga kwanza mwisho ambao Scott anabaki na Knives, kikaubadilisha baadaye. Kitabu cha sita kilikuwa hakijakamilika wakati wanapiga picha. Kilitoka Julai 2010, na picha ikatoka Agosti mwaka huohuo. Ukiona mwisho unasitasita kidogo mlangoni, una sababu ya kusitasita.

Utajua umefaulu ukibishana na mwenzako kama Scott alistahili, na wote wawili mna hoja.

## Hatua ya 8: Rudia, ndipo usome

Acha siku mbili tatu zipite, halafu itazame tena ukiwinda tarakimu. Lucas ana 2 shingoni. Todd ana 3 kifuani. Wengine wanazo pia, na alama ya X imetapakaa kila mahali. Watoto wanaipenda kazi hii kuliko picha yenyewe.

Baada ya hapo fungua vitabu. Ni vidogo, vimechorwa mwanzoni bila rangi kwa mtindo unaofanana na katuni za Kijapani, na vina nafasi ambayo picha haikuwa nayo: Scott anapata kazi ya kuosha vyombo, Kim anapata sauti, na miezi inapita kati ya ugomvi mmoja na mwingine. Ukianza na vitabu, utaikalia picha ukihesabu kilichokatwa. Ukianza na picha, vitabu vinakuwa mirathi.

Mwisho kabisa ni katuni ya Netflix ya Novemba 2023, Scott Pilgrim Takes Off, sehemu nane, iliyochorwa na studio ya Kijapani Science SARU, waigizaji wa picha wakarudi kutoa sauti zao. Usianzie hapo. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza hadithi inapinduliwa, na kama hukujua ilivyokuwa imesimama, hutaona kilichopinduliwa.

## Ukikwama

*Nimefika dakika ya ishirini na bado sijacheka.* Punguza ukubwa wa maandishi ya chini, yanafunika yale ya picha. Rudi kwenye chumba cha Wallace.

*Mbona ilianguka sokoni kama ni nzuri?* Ilianguka kweli. Wikiendi ya kwanza Marekani ilishika nafasi ya tano kwa dola kama milioni 10.6, na mwishowe haikurudisha hata gharama za kuitengeneza. Wiki hiyohiyo The Expendables ilikuwa juu, ikiwa na Stallone na misuli yote. Waliofuata ngumi walijua pa kwenda. Hii ilikuja kupata watu wake baadaye, majumbani.

*Mama anauliza huyu kijana kwa nini hatafuti kazi.* Mama yuko sahihi, na picha inakubaliana naye.

*Mwenzangu amelala.* Mwamshe kwa kahawa ya Todd.

Binamu yangu aliyeinuka kwenye wimbo wa Patel sasa ana orodha ya tarakimu nyuma ya daftari na hataki kunionyesha. Shangazi hana habari na tarakimu. Ameomba nimkatie kipande kile cha kijana wa Kihindi peke yake, nimwekee kwenye simu, kwa sababu anasema hatua za miguu hazikuwa mbaya, ila wale wasichana wa nyuma walihitaji siku mbili zaidi za mazoezi.